Kivu si picha ya kalenda

Ziwa Kivu, lililoko mpakani mwa Rwanda na Kongo chini ya milima ya Virunga, husifiwa katika makala za safari kuwa ndilo kimbilio la anayeota utulivu. Hoja hiyo imeyatazama maji kwa juu tu. Kilindini, hadi karibu mita 480 chini, imeyeyuka gesi ambayo ingetolewa ingejaza takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani. Methani hiyo Rwanda huivuta kuzalisha umeme. Nao mlima Nyiragongo ulimwaga lava hadi katikati ya Goma, mji wa Kongo ulio ufuoni mwa ziwa, Januari 2002, ukalipuka tena Mei 2021. Mabondeni, kaboni dioksidi ambayo wenyeji huiita mazuku hutuama na kuua mifugo, hata watu.

Mbona basi kumejaa watu? Udongo wa volkano hustawisha maharage na viazi, na samaki wadogo waitwao sambaza, walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, huvuliwa usiku kwa taa. Goma yenyewe imejazwa pia na waliokimbia vita vijijini. Mandhari ni hoja ya mwenye gari la kuondokea.