Floridi, Kaya Nne na Jaribio Lisilofaa

Mkazi wa chini ya Mlima Meru hahitaji kuelezwa floridi ni nini. Meno ya kahawia ya watu waliokulia huko yanatosha. Miamba ya volkano huachia madini hayo kwenye maji, na Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ndiyo maana wanafunzi hupenda kujaribu machujio ya mkaa wa mifupa, njia ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimeishughulikia kwa miaka mingi. Kupima maji wanajua. Kasheshe huanza kwenye takwimu, kwa hoja walizorithi bila kuzihoji.

Ya kwanza: “Jaribio la t ni lile lile, bonyeza tu.” Hapana. Tuseme umechota maji katika kaya nne za kata ya Sokon I, Arusha, kila moja na kisima chake (namba ni za kujifunzia, si vipimo halisi). Kabla ya kuchuja, kwa miligramu kwa lita: 3, 5, 8 na 11. Baada: 2, 3.8, 6.9 na 9.7. Ukiyafanya makundi mawili yasiyojuana, t ni kama 0.47, nawe utaandika kwamba chujio halijaonyesha kitu. Tofauti kubwa kati ya kisima na kisima imemeza kazi ya chujio. Lakini kila “baada” ina “kabla” yake. Toa kaya kwa kaya: 1, 1.2, 1.1, 1.3. Kwa jaribio la t la jozi, t inaruka hadi karibu 18, na p iko chini ya 0.001. Maji ni yale yale.

“Sampuli zikiwa chache, kimbilia Mann-Whitney.” Ushauri huu hutolewa kwa kujiamini sana, na mara nyingi mtoaji hajakaa na kalamu akahesabu. Mann-Whitney hupanga vipimo vyote kuanzia kidogo hadi kikubwa, kisha hutazama nafasi zao tu. Ukiwa na sampuli tatu dhidi ya tatu, kuna njia 20 za kugawa nafasi hizo, na mbili tu ndizo za kupindukia. Basi p ndogo kabisa ya pande mbili unayoweza kupata ni 2 kwa 20, yaani 0.1. Hata maji yote yaliyochujwa yakiwa chini ya yote ambayo hayakuchujwa, mpaka uliozoeleka wa 0.05 huufikii. Jaribio la t, kinyume chake, lilibuniwa kwa ajili ya sampuli chache: William Gosset, mkemia wa kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin, alilichapisha mwaka 1908 kwa jina la Student. Linataka data zisipinde sana. Vipimo vya madini mara nyingi huwa na mkia mrefu upande wa juu, na kuchukua logi husaidia.

“Nimepima kila ndoo mara tatu, kwa hiyo nina sampuli 12.” Hii ndiyo inayoharibu tafiti nyingi. Kurudia kipimo kunakuambia kama elektrodi ya kupimia floridi imetulia. Hakukuletei kaya mpya hata moja. Tafuta wastani wa kila ndoo, ubaki na nne zako.

“Machujio ni matano, nitayalinganisha mawili mawili.” Hizo ni jozi kumi, na kila jozi ni nafasi nyingine ya kudanganywa na bahati. Anza na ANOVA, inayoyalinganisha yote kwa pamoja, kisha jaribio la Tukey kwa zile jozi.

Ya mwisho: “p iko chini ya 0.05, chujio linafaa.” Ronald Fisher aliitumia 0.05 katika kitabu chake cha mwaka 1925 kama mpaka wa kurahisisha kazi, wala haukuwa kipimo cha usalama wa mtoto anayekunywa. Rudi kwenye zile kaya nne. Maji bora kabisa baada ya kuchujwa yana 2. Takwimu zinashangilia, na hakuna kaya iliyofika 1.5.

Kwa hiyo, kabla ya kuchota ndoo ya kwanza, andika swali lako kwenye daftari. Kama ni swali la usalama, linganisha maji yaliyochujwa na 1.5, usiishie kuuliza kama yamepungua.