Besi Isiyojua Kukoroma

Wapo wanaoshikilia kwamba gitaa la besi la umeme ndilo litakaloua litungu la Mara. Wapo pia, na hawa ni hatari zaidi, waonao kwamba fundi wa Musoma au Bunda akiombwa kuchonga besi, kazi yake ni kunakili tu ile ya Fender ya mwaka 1951: nyuzi 4 za chuma, kinasa kimoja cha sumaku, basi. Makundi yote mawili hayajalisikiliza litungu.

Litungu, ala ya Wakurya hasa, lina nyuzi 8, na sauti yake ni nzito, yenye mkoromo. Mkoromo huo si kasoro ya ufundi. Umetafutwa kwa makusudi, kama mtunzi atafutavyo kina cha kati. Zamani nyuzi zilikuwa za kano za ng'ombe, siku hizi ni nailoni, ile ile ya wavuvi wa Ziwa Viktoria. Hapo ndipo nakala ya Fender inapoaibika, kwani kinasa cha sumaku huusikia uzi wa chuma peke yake. Kano na nailoni kwake ni bubu.

Basi atakayeagiza besi ya Mara na aanze na uzi, si na spika. Chini ya daraja kiwekwe kinasa cha piezo, ambacho hakijali uzi ni wa nini, maana husikia mtikisiko wa daraja lenyewe. Na daraja lipewe ukingo mpana wa kuguswa na uzi, mkoromo uzaliwe pale pale. Piezo ikiungwa moja kwa moja na amplifaya ya kawaida hupoteza uzito ukabaki ukali; kwa hiyo saketi ndogo ya betri ya volti 9 ni lazima, wala si anasa. Apendaye chuma na afungiwe, pamoja na piezo hiyo, vinasa viwili vya sumaku, misokoto na ncha zake zikipingana ili kuua mvumo wa umeme, na swichi ya kuviunga kwa mfululizo sauti ijae, au sambamba sauti iwe wazi. Kitufe kimoja cha kuchanganya piezo na sumaku chatosha. Vitufe kumi ni majivuno ya dukani.

Watu wa visiwani wasiyacheke haya. Fidla na kanuni za Ikhwani Safaa, iliyoundwa mwaka 1905, hazikuota Unguja. Zilifunzwa kuandamana na shairi la Kiswahili. Naye mzaliwa wa Butiama, Julius Nyerere, alipotoa Mabepari wa Venisi mwaka 1969, hakuwaacha mabepari wale waseme Kiingereza kilichobandikwa viambishi. Fundi anayeinakili besi ya kigeni kipimo kwa kipimo anafanya lile lile ambalo Mwalimu alilikwepa, tena umbali mfupi tu kutoka kaburini kwake.