Dar es Salaam ipewe mamlaka moja ya kuwajibika

Mkazi wa Dar es Salaam akiulizwa kinachomsumbua, hahitaji kufikiri. Atataja maji yanayokatika, foleni, mabasi ya mwendokasi yanayojaa hadi mlangoni, mafuriko ya Jangwani na taka zinazolala mtaani hadi zinuke. Mbagala wanalia na hayo kama Tegeta wanavyolia, kwenye daladala na kwenye mikutano ya mitaa, mwaka hadi mwaka. Hakuna kiongozi anayeweza kudai hajasikia.

Kasoro ni kwamba malalamiko hayo hayana mwenyewe. Maji ni ya Dawasa, mwendokasi ni wa Dart, barabara kuu ni za Tanroads, za mitaa ni za Tarura, taka ni za halmashauri, na halmashauri zenyewe ni tano. Taka zinazotupwa Mto Msimbazi huko juu huja kuziba njia ya maji Jangwani, na hapo kila ofisi humnyooshea kidole jirani yake. Mkuu wa mkoa huteuliwa. Wakazi hawana kura ya kumpima.

Februari 2021, Halmashauri ya Jiji iliyoziunganisha manispaa zote ilivunjwa, na Ilala ikapewa hadhi ya jiji. Ni kweli kwamba chombo kile kilikuwa dhaifu, kikitegemea michango ya manispaa. Dawa ya udhaifu ule ilikuwa kukipa meno. Kukivunja kuliacha pengo ambalo halijazibwa hadi leo.

Pengo hilo linazidi kupanuka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani humo, kutoka 4,364,541 mwaka 2012. Mji umeshavuka mpaka na kuingia Kibaha, Mkuranga, Kisarawe na Bagamoyo, ambako maelfu hudamka alfajiri kuwahi kazi mjini, huku wakihesabiwa kuwa watu wa Pwani.

Msimamo wetu ni huu: Serikali ipeleke bungeni muswada wa mamlaka moja ya Dar es Salaam na viunga vyake, yenye bajeti yake, yenye kauli ya mwisho juu ya usafiri, mitaro, taka na mipango miji, na inayoongozwa na mtu aliyechaguliwa na wakazi. Kila mwaka itangaze hadharani wananchi walilalamikia nini, kipi kimetatuliwa, na nani amewajibishwa kwa kilichobaki. Kazi hiyo inaweza kuanza katika mkutano ujao wa Bunge, na hatuoni sababu halali ya kusubiri masika mengine.