Nani Hasa Mchezaji wa Kweli?

Ndugu msomaji, sisi watu wazima tunapowasikia vijana wakibishana juu ya michezo ya mashine, desturi yetu ni kutikisa kichwa na kupita. Mimi nami nilikuwa wa kupita. Lakini msimu wa korosho uliopita nililazimika kusimama, nikasikiliza, na mwisho nikaingia katika ubishi usionihusu. Kwa kuwa nimekwisha kuingia, hapana budi niseme yote niliyo nayo moyoni.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana kibanda cha gemu hapa Tunduru mjini. Mna televisheni mbili na PlayStation mbili kuukuu, na vijana hulipia kila mechi ya mpira. Mwaka huo alirudi kutoka Dar es Salaam na mashine ya namna nyingine, aliyoinunua kwa mtu aliyekwisha kuichoka. Inaitwa Nintendo Switch. Ina kioo katikati na vishikio viwili pembeni, ambavyo vijana huviita pedi. Ukiipachika katika kitako chake kilichounganishwa na televisheni, unacheza kwa kutazama televisheni. Ukiichomoa, mchezo uleule unaendelea mkononi pale ulipoishia, hata ukienda kukaa chini ya mkorosho.

Vijana wa kibandani waligawanyika papo hapo. Mafundi wa mpira walisema kuwa mashine hiyo ni ya watoto na ya watu wa kupitisha muda, na mchezaji wa kweli hawezi kuigusa. Wengine wawili watatu wakajibu kwa hasira kwamba wao ndio wachezaji wa kweli, kwa maana mashine hiyo ina michezo mirefu na migumu ambayo hao mafundi wa mpira hawaiwezi. Siku ya tatu mpwa wangu akaja kwangu.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Habari za kibandani?”

“Nzuri kidogo, mjomba. Nataka kuongeza mashine ya pili kama hii, na nimekuja kukuomba unisaidie fedha. Ila wenzangu wananiambia nitapata hasara, eti haiwafai wachezaji wa kweli. Wewe mjomba unasemaje?”

Kwetu sisi Wayao mjomba hana pa kujificha anapoulizwa na mpwa wake. Nikamwambia anipe juma moja nifikiri. Haya ndiyo niliyofikiri.

Kwanza nilitaka kujua hao walioitengeneza ni watu gani. Nikakuta kwamba kampuni ya Nintendo ilianzishwa Kyoto, Japani, mwaka 1889, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutengeneza karata. Karata! Kitu ambacho mtu hukitia mfukoni, akakitoa popote penye watu. Mwaka 1980 kampuni hiyo ikatoa michezo midogo ya mkononi iliyoitwa Game & Watch. Mwaka 1989 ikatoa Game Boy, iliyotumia betri nne ndogo na kioo kisicho na rangi. Washindani wake walileta vioo vya rangi vilivyomaliza betri upesi, na Game Boy ikawashinda wote. Mchezo uliouzwa pamoja nayo katika nchi nyingi ni Tetris, uliobuniwa Moscow mwaka 1984, ule wa vipande vinavyodondoka ambao hata hapa kwetu watu wengi waliucheza katika vijigemu vya plastiki vilivyotoka China. Sasa niambie, ndugu msomaji, Tetris ni mchezo wa mpita njia au wa fundi? Mtoto huuelewa kwa dakika moja. Lakini wapo watu wazima waliokaa nao miaka na miaka, na mpaka leo hushindana.

Kisha nikakuta kisa kinachofundisha zaidi. Mwaka 2006 kampuni hiyo ilitoa mashine iliyoitwa Wii, ambayo ilichezwa kwa kupunga mkono. Mabibi na mababu wakaicheza sebuleni, na ziliuzwa zaidi ya milioni 100. Wanaojiita wachezaji wa kweli wakaidharau. Mwaka 2012 ikaja Wii U, ambayo watu hawakuelewa imekusudiwa nani. Zikauzwa kiasi cha milioni 13 na nusu tu. Wapo waliosema sasa kampuni haina budi kuchagua: ama wapita njia, ambao wamekwisha kuhamia kwenye simu, ama mafundi. Mwezi Machi 2017 ikaja Switch, nayo haikuchagua. Siku ileile ya kutoka ililetwa na mchezo mrefu wa safari na mafumbo, The Legend of Zelda: Breath of the Wild, unaomchukua mtu wiki nyingi. Machi 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa ajili ya korona, kampuni hiyo ikatoa Animal Crossing: New Horizons, mchezo wa kulima bustani na kuvua samaki pasipo kumshinda mtu ye yote. Yote miwili ilipata mamilioni ya watu. Hadi mwaka 2025, mwaka ambao mrithi wake Switch 2 alitoka, mashine ile ya kwanza ilikuwa imeuzwa zaidi ya milioni 150.

Kwa hiyo hoja kwamba mashine hiyo ni ya kundi moja imekwisha kuanguka sokoni. Lakini soko si hakimu wangu. Hata sigara huuzwa kwa mamilioni. Hakimu wangu ni bao.

Bao letu lina safu nne za mashimo manane manane, jumla 32, na kete 64. Nalo tangu zamani lina makao mawili, kama mashine ile. Lipo la kuchongwa, linalokaa barazani, na kete zake za komwe zilizong'aa kwa kushikwa. Na lipo la kuchimbwa ardhini popote palipo na mchanga. Vito vilipovuma Tunduru katikati ya miaka ya 1990 na watu wakamiminika Muhuwesi, niliwaona wachimbaji wakichimba vishimo 32 kando ya mashimo yao makubwa, wakacheza kwa vijiwe. Mchezo ni uleule. Hakuna aliyesema kwamba bao la mchangani si bao.

Tena bao lina milango miwili. Mtoto huanza na bao la kujifunza: kete mbili mbili kila shimo, zote 64 zimo, basi unaanza. Fundi hucheza bao lenyewe: kila mmoja anaweka kete 10 ubaoni na kubaki na 22 mkononi, anaanza kwa namua, na mpaka kufika kwenye mtaji amekwisha kupiga hesabu nyingi zisizoonekana. Mholanzi mmoja, Alex de Voogt, aliwachunguza mafundi wa bao wa Zanzibar, akaandika tasnifu iliyotoka Leiden mwaka 1995 juu ya mipaka ya akili ya binadamu. Fikiri: mchezo ambao mtoto huuanza mchangani ndio uliomfanya msomi avuke bahari aje kuipima akili. Kati ya mtoto yule na mafundi wale hakuna ukuta. Ipo njia, na njia hiyo hupitika tu ikiwa walioko mbele hawajaifunga.

Hapa ndipo ninapoona aibu, kwa sababu mimi niliifunga.

Barazani kwangu tulikuwa mafundi wanne. Kila jioni palikuwa na mtoto mmoja aliyekuja kututazama. Alituletea maji, aliokota kete zilizoanguka, na kila baada ya siku chache aliomba acheze mkono mmoja tu. Siku moja nikamjibu mbele ya watu, “Hili si bao la watoto wa kupitisha muda. Nenda kachimbe vishimo vyako huko.” Wenzangu wakacheka, nami nikajiona mtu mkubwa. Mtoto akaenda, wala hakurudi. Waliokuwa wakija naye pia hawakurudi. Miaka ikapita. Wawili kati yetu wamefariki, wa tatu macho hayaoni, na bao langu likatundikwa ukutani likawa makao ya buibui. Tukailaumu simu, tukailaumu PlayStation, tukawalaumu vijana wa siku hizi. Uongo mtupu! Baraza lilikuwa limekwisha kuwa tupu kabla kibanda cha gemu hakijafunguliwa. Na mtoto yule ndiye mpwa wangu huyuhuyu, mwenye kibanda.

Ndiyo maana maneno ya mafundi wa mpira yalinichoma. Niliisikia sauti yangu mwenyewe. Swali la nani ni mchezaji wa kweli huulizwa na mtu ambaye amekwisha kujihesabu miongoni mwa wa kweli, naye huliuliza ili mwingine asipewe nafasi ya kukaa.

Nikaenda kibandani kutazama kwa macho yangu. Kwenye PlayStation kanuni ya hapo ni moja: anayefungwa anaondoka. Kwa hiyo asiyejua hulipa, hufungwa kwa dakika chache, hutoka. Anayejua hubaki mpaka jioni. Wasichana na watoto wadogo husimama mlangoni. Kwenye Switch niliona jambo jingine. Mashine hiyo huja na pedi mbili tangu katika boksi lake. Ukizichomoa, moja unashika na moja unampa mwenzio. Mdogo wake wa kike mpwa wangu alipewa moja, wakashindana mbio za magari katika Mario Kart 8 Deluxe. Mchezo huo umewekwa hivi, kwamba aliyeko nyuma hupewa misaada yenye nguvu kuliko aliyeko mbele. Binti akawa wa mwisho, akacheka, akaomba tena. Baada ya mwezi mmoja alikuwa anawaacha nyuma kaka zake, tena sasa anadai wacheze kwa ile kasi kubwa kabisa ambayo mafundi ndio wanaoiweza. Je, alivuka siku gani kutoka kwa wapita njia kuingia kwa wachezaji wa kweli? Nani alimpigia muhuri?

Nakubali kwamba wanaopinga wana hoja moja nzito, nayo ni fedha. Mashine hiyo ilipotoka iliuzwa dola 300 za Marekani, na Switch 2 ilianza kwa dola 450. Kwa mkulima wa Tunduru hizo si fedha za kupitisha muda. Nakubali pia kwamba kuna mashine zenye nguvu na picha nzuri zaidi. Lakini hoja ya fedha inaniunga mkono mimi. Kitu cha gharama kubwa kikiwa cha mtu mmoja ni anasa. Kikiwa barazani, kwa pedi mbili na watu kumi wanaosubiri zamu, gharama yake hugawanyika. Kampuni hiyohiyo ilitoa mwaka 2019 aina ndogo, Switch Lite, ambayo pedi zake hazichomoki wala haiunganishwi na televisheni. Ni rahisi kwa bei, lakini ni ya mtu mmoja na mikono yake. Nilimwambia mpwa wangu hiyo asiilete.

Wapo pia wazee wenzangu wanaosema michezo yote ya mashine ni sawa na zile mashine za bonanza zinazomeza sarafu za watu. Si kweli. Ya bonanza haikufundishi kitu hata ukiicheza miaka mia; kura ndiyo inayoamua. Hii, kama bao, humlipa anayefikiri.

Juma lilipokwisha nikampa mpwa wangu fedha, kwa sharti moja: pedi moja iwe daima ya anayeingia mlangoni hajui kitu, na ye yote atakayemcheka atoke yeye. Akaniahidi. Kisha akatazama ukutani, akasema taratibu, “Na lile bao, mjomba, litakaa huko mpaka lini?”

Nikalishusha, nikalipangusa. Sasa liko kwenye benchi nje ya kibanda. Umeme ukikatika, mafundi wa mpira hawana la kufanya. Wale wa Switch huendelea mkononi kwa saa chache, na betri ikiisha wote hutoka nje. Hunikuta nimekaa nimekwisha kupanga kete mbili mbili, na anayekaa mbele yangu kwanza ni yule asiyejua.