Chuchu zinapouma, tuangalie kwanza mdomo wa mtoto



Juma hili tunajibu swali ambalo linarudi kila mara katika vikundi vyetu vya Kakontwe, zaidi kwa wamama waliozaa mtoto wa kwanza: je, ni kawaida mama kulia machozi kila mtoto anaponyonya? Na chuchu ikipasuka, aache kunyonyesha mpaka ipone?

Siku za kwanza, mama anaweza kusikia chuchu ikivutwa mtoto anapoanza kunyonya, kisha inatulia. Hiyo ni kawaida. Lakini maumivu yanayoendelea mpaka mtoto anamaliza, au chuchu inayopasuka na kutoka damu, hayo si kawaida. Si adhabu, si jicho la mtu, na si alama kwamba maziwa yako ni mabaya. Mara nyingi ni alama kwamba mtoto ameshika titi vibaya.

Angalia chuchu mara tu mtoto anapoiacha. Ikiwa ya mviringo kama kawaida, ni vizuri. Ikiwa imebanwa bapa, au imelala upande mmoja kama ncha ya muhogo uliokatwa mshazari, mtoto ananyonya chuchu peke yake. Anaifinya kati ya ulimi na sehemu ngumu ya juu ya mdomo. Wewe unaumia, naye hashibi, kwa hiyo analia tena baada ya muda mfupi. Hapo ndipo watu wa nyumba wanasema: "Maziwa hayatoshi, mpe maji, mpe uji."

Mama, fanya hivi. Kaa vizuri, mgongo umeegemea. Leta tumbo la mtoto ligusane na tumbo lako, kichwa na mwili wake vikae katika mstari mmoja, pua yake ielekee chuchu. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu, kisha ngoja. Usiharakishe. Akifungua mdomo wazi kama anayepiga miayo, mlete yeye kwenye titi. Usiiname wewe kumpelekea titi. Akishika vizuri, kidevu kinagusa titi, mdomo wa chini umegeuka nje, mashavu ni ya mviringo, na ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu inaonekana zaidi juu kuliko chini. Utamsikia akimeza.

Kama bado inauma, usimvute kwa nguvu, maana kumvuta kunapasua ngozi. Ingiza kidole kidogo kilicho safi kwenye kona ya mdomo wake, aachie, mwanze tena. Hata kama ni mara tano, anza tena.

Titi likijaa mpaka likawa gumu kama jiwe, kama inavyotokea siku ya tatu au ya nne baada ya kuzaa, mtoto hawezi kulishika. Weka kitambaa cha maji ya vuguvugu, kamua kidogo kwa mkono mpaka sehemu nyeusi ilainike, ndipo umpe. Akimaliza, kitambaa cha maji baridi kinapunguza uvimbe.

Na ile chuchu iliyokwisha kupasuka? Usiache kunyonyesha. Anzia upande usiouma sana. Badilisha namna ya kumshika: leo mapajani, kesho mkilala kwa ubavu, au miguu yake ipite chini ya kwapa lako. Baada ya kunyonyesha, paka matone ya maziwa yako mwenyewe na acha chuchu ikauke kwa hewa. Usiisugue kwa sabuni, usipake pombe wala marashi ya kuwasha ya kifua. Maji ya kuoga yanatosha. Kitambaa kilicholowa maziwa kisikae ndani ya nguo. Parasetamoli inaruhusiwa kwa mama anayenyonyesha. Maumivu yakizidi kabisa upande mmoja, kamua maziwa ya upande ule, umpe mtoto kwa kikombe kidogo kilicho safi. Chupa ya chuchu ya mpira inamzoeza mtoto kunyonya kwa namna nyingine, na shida inarudi pale pale. Mtoto akimeza damu kidogo ya chuchu yako, haimdhuru; usiogope.

Kuna maumivu mengine ambayo hayatoki kwenye namna ya kushika. Kama ulinyonyesha vizuri majuma kadhaa, kisha chuchu zikaanza kuwaka kama pilipili hata mtoto akiwa amelala, chungulia mdomo wake. Madoa meupe yasiyofutika kwa kitambaa ni ugonjwa wa utando mweupe. Muganga atawapa dawa ninyi wawili kwa wakati mmoja. Akitibiwa mmoja tu, mwingine anamwambukiza tena. Katika baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba, chuchu ya wamama wengine inageuka nyeupe baada ya kunyonyesha na kuuma sana. Huyo ajifunike kikwembe mara moja na akae mahali pa joto. Na kuna mtoto ambaye uzi wa chini ya ulimi wake ni mfupi, hawezi kutoa ulimi nje. Aonyeshwe kwa muganga, asikatwe nyumbani.

Sasa jambo ambalo tunaomba kila mmoja alishike. Hapa kwetu, mama akipata homa na kutetemeka, tunasema ni malaria, tunakimbilia vidonge. Lakini mama anayenyonyesha akiwa na homa, aangalie na matiti yake. Sehemu iliyo nyekundu, ya moto, ngumu, yenye kuuma, inaweza kuwa ndiyo inayoleta homa. Nenda kituo cha afya, omba kipimo cha malaria, na onyesha titi pia. Usione haya. Endelea kunyonyesha upande ule, maana titi lisilotolewa maziwa linazidi kuvimba, na usaha ukikusanyika utahitaji kupasuliwa. Usisubiri zaidi ya siku moja.

Mama anayekunywa dawa za virusi vya UKIMWI asikatishe dawa zake hata siku moja. Kwake, chuchu ikitoka damu au titi likivimba hivyo, upande ule asimpe mtoto: akamue na kumwaga, anyonyeshe upande mzuri, na aende kwa muganga siku ile ile.

Kwa nini tunasema haya yote? Kwa sababu ya ile njia tunayoijua sisi wote: chuchu inauma, mama anaogopa, mtoto anapewa maji na uji wa maji maji, matiti yanatolewa maziwa kidogo, nayo yanatengeneza kidogo. Miezi sita ya kwanza mtoto anahitaji maziwa ya mama peke yake, bila hata maji, hata katika joto la mwezi wa kumi. Mji wetu unajua kipindupindu ni nini. Kikombe cha maji yasiyo safi kwa mtoto wa mwezi mmoja ni hatari kubwa kuliko kidonda cha chuchu, na kidonda cha chuchu kinapona.

Kwa hiyo wamama wakwe, nkambo na mashangazi, tunawaomba: mkisikia binti analia akinyonyesha, msimwambie avumilie tu, wala msilete chupa. Kaeni karibu naye, mwangalie pamoja namna mtoto anavyoshika. Na kila kikundi kichague wamama wawili wa kumtembelea mzazi siku ya tatu, siku matiti yanapojaa na nyumba imeanza kunyamaza baada ya wageni kuondoka. Wasiende na maneno mengi. Waende na mikono iliyonawa, wamsaidie kumweka mtoto, na wampikie bukari na sombe, ale akiwa amekaa.