Safari Rally: Usichague mwenye mbio, chagua atakayefika

Masee wa Chwele, ligi yetu ya kubashiri inafungwa Alhamisi, Machi 20, kabla Safari Rally 2025 ianze. Wengi mmeweka Thierry Neuville ju ni bingwa wa dunia wa 2024. Pole pole. 2021 jamaa aliongoza hadi Jumapili, shoki ya nyuma ikamwacha huko Naivasha, Sébastien Ogier akabeba. Tangu hapo Safari zote nne ni za Toyota: Ogier mbili, Kalle Rovanperä mbili. Na mwaka huu Ogier hayuko.

Mimi naweka Elfyn Evans, pia wa Toyota. Ameshinda Sweden na anaongoza msimu, so Ijumaa ndiye atafungua njia. Hapo ndio stori iko. Kukiwa kukavu, wa kwanza anafagia mchanga na wa nyuma wanapita kusafi. Lakini Machi mvua huanza, na kila mtu wa boda hapa anajua: kukinyesha, wa kwanza hupita, wa kumi husukuma. Cheki mawingu kabla utume jina.

Podiamu yangu: Evans, Rovanperä, Ott Tänak.

Na msisahau, hii ligi ni ya soda. Ukikosa, unanunulia mbogi, basi. Kuna wenye wameanza kupandisha dau, na huu ndio mwezi shamba linaitisha mbegu na mbolea. Evans akipinduka Kedong, mahindi ya mathako yasipinduke naye.