Msiwatupe Vifaranga Bwawani kwa Ghafla

Wakulima wa Ngao na Garsen mliochimba mabwawa ya samaki, nina neno nanyi. Wengi hununua vifaranga wa ngege kwa fedha zao, wakawamwaga bwawani mara wafikapo nyumbani, na kesho yake wakawakuta wanaelea. Halafu lawama yote ni ya muuzaji.

Mwili wa mtu una joto lake, lakini mwili wa samaki hufuata joto la maji. Ndani yake mna vimeng'enya, vitu vidogo mno vinavyovunja chakula na kukigeuza kuwa nguvu. Maji yakipoa, kazi ya vitu hivyo hupungua. Samaki huweza kujitengenezea vingi zaidi, au vya namna nyingine iwezayo baridi, ila jambo hilo huchukua siku nyingi, hata majuma. Ndiyo sababu badiliko la ghafla humdhoofisha au kumwua. Tena kila jamii ina mpaka wake: trauti hustawi katika vijito baridi vya Mlima Kenya, yanakoanzia maji ya Tana, na hapa kwetu angekufa, ngege wa Magadi huishi katika maji ya karibu digrii 40.

Basi uelezeni mfuko bwawani robo saa au zaidi, mtie maji ya bwawa kidogo kidogo, kisha vifaranga watoke wenyewe. Siku za kwanza chakula kiwe haba. Na wanaolisha alfajiri, maji yakiwa yamepoa na hewa ndani yake ni kidogo, kwa maoni yangu wanalisha tope. Ngojeni jua lipande.